Nyeusi na ya Kijani

Kiswahili changu ni cha ghalani,
nilikiokota kambini nikihesabu risasi,
kwa hiyo usinitafutie maneno ya kubembeleza.
Mimi Adriko, mtu wa Arua,
miaka ishirini na miwili mtunza silaha wa polisi,
sasa nasimama nyuma ya kioo dukani kwa Kiggundu,
orofa ya pili, mtaa unaoteremka kutoka Nakasero,
juu ya mtu anayeuza vitambaa vya gomesi.

Kabati ni la chuma, funguo mbili:
mmoja kwangu, mmoja kwa bosi.
Ndani zimelala bastola mbili, pacha,
kiwanda kimoja, wiki moja,
risasi zile zile, uzito ule ule,
ila moja mpini wake mweusi
na nyingine wa kijani, kama jani la mgomba lililonyeshewa.

Nyeusi imo kwenye orodha.
Ya kijani haimo.

Orodha ililetwa Februari, kurasa tatu,
mhuri wa zambarau umekaa upande kama kofia ya mlevi.
Kila mtindo upimwe, kila kipimo kilipiwe,
na kila rangi, eti, ni mtindo.
Kiwanda huko ng'ambo kikatuma ada ya mmoja.
Kuhusu wa pili kikauliza:
Uganda mnanunua ngapi kwa mwaka?
Tukajibu. Kikanyamaza.

Wahenga walisema chema chajiuza.
Hawakuwahi kuuza bidhaa yenye orodha.

Januari nyeusi ilikuwa milioni saba.
Machi, tisa na nusu.
Wiki hii bosi amefuta bei kwa kidole chenye mate,
akaandika kumi na tatu,
na wino haujakauka simu imelia mara tatu.
Mitindo arobaini imebaki kumi na mmoja;
katika hiyo, minne haitengenezwi tena,
miwili imo kontenani Mombasa, yangoja barua.
Iliyosalia hesabu mwenyewe.

Jumanne alikuja Kabasinguzi wa Mubende.
Hununua dhahabu kwa wachimbaji, gramu kwa gramu.
Ana kovu la panga toka sikioni hadi kwenye kola.
Karatasi zake zote sawa: ya daktari, ya mwenyekiti,
ya polisi wa wilaya, vidole kumi vya wino.
Miezi kumi na minne amezikusanya,
na milioni nane ndani ya bahasha ya shule ya mwanawe.

Nikamwambia kumi na tatu.
Hakupiga kelele. Aliinamia kioo,
akanyoosha kidole: "Na hiyo?"
"Hiyo haiuzwi."
"Mbovu?"
"Si mbovu."
"Inapiga pembeni?"
"Mama, ni rangi."
Akacheka.
Nimepokea vitu vingi ghalani, nikavipanga vyote;
kicheko kile sikuwa na rafu ya kukiweka.

Sikiliza, mimi sipingi kupima.
Niliona bastola ikidondoka sakafuni, ikajifyatua yenyewe,
Koplo Drani akabaki na goti moja.
Anayejaribu chuma kabla hakijauzwa, namshukuru.
Lakini hii ya kijani nani aliigusa?
Haikuanguka mtihani.
Haikulipiwa karo.

Kabasinguzi alikwenda kampuni ya ulinzi, mtaa wa pili,
akakodi kijana kwa mwezi, na bunduki yake
iliyofungwa kitako kwa mpira wa baiskeli,
kongwe kuliko babake kijana,
isiyomo katika orodha yoyote niliyowahi kusoma.
Niliwaona dirishani wakivuka barabara,
yeye mbele, kijana nyuma
akila chapati, mdomo wa bunduki ukitazama kisogo cha mama.

Ijumaa ni siku ya mafuta.
Naanza na nyeusi, kwa sababu ina wenyewe.
Kisha ya kijani, polepole,
hakuna anayeiharakisha.
Daftarini, safu ya hali, naandika: nzima.
Safu ya bei naipiga mstari.
Nafunga, ufunguo wangu, ufunguo wa bosi,
na chini mwuza vitambaa
anawaita wapita njia kwa sauti iliyokauka:
rangi zote, bei moja,
rangi zote.